Kitenge cha Sura Yako, Mama

Amherst, kando ya Buffalo
Alhamisi, Oktoba 2015

Mama mpendwa,

Shikamoo. Najua huko Uvira hamna mazoea ya neno hilo, lakini mimi nimekulia Kigoma, na mdomo wangu ukielekea kwa mkubwa huitoa shikamoo kabla sijaifikiria. U mzima? Goti la kushoto linaendeleaje tangu mvua zianze? Na paa la jikoni, ambalo Bahati ananiambia lilikuwa linavuja juu ya mafiga, limeshapata fundi? Sisi huku ni wazima. Mwanao amenenepa mashavuni na hataki kuambiwa. Mjukuu wako naye ananyonya kana kwamba kesho maziwa yatafungwa kama duka. Baridi imeanza kubisha hodi, lakini nyumba ina joto na gari linawaka, kwa hiyo hatuna la kulalamika.

Ni mimi Solange, mke wa Bahati. Ninajitambulisha kwa sababu hatujawahi kuzungumza, mimi na wewe. Kila Bahati anapokupigia simu akasema, "Mama, Solange huyu hapa anakusalimia," mtandao wa Uvira unakatika. Akipiga tena kuuliza habari za goti, mtandao unarudi safi kabisa. Nimeolewa zaidi ya mwaka sasa na sijawahi kuona mtandao wenye akili kama huo.

Sikulaumu. Mwanamke aliyefanyiwa kilio akiwa hai kwa sababu ya mkamwana wake ana haki ya kukata simu.

Lakini wiki iliyopita shemeji Deo alituambia kwamba ulimwuliza maswali. Ulisema, "Ule binti ni wa nani? Alikomalia wapi? Na ile kazi ya kuchora-chora sura za watu ni kazi gani?" Deo alidhani umekasirika upya. Mimi nilifurahi mpaka nikasahau sufuria jikoni, wali ukaungua. Mtu asiyekutaka hana haja ya kujua umetoka wapi. Na kwa bahati nzuri Mama Neema, anayesali nasi hapa Buffalo, anasafiri wiki ijayo kwenda Bujumbura na atavuka mpaka Uvira. Nikasema basi, nitamjibu Mama kwa karatasi, maana karatasi haina mtandao.

Nina haja pia, na nitaisema sasa hivi ili usisome barua nzima ukijiuliza huyu anataka nini. Mtoto hana jina. Bahati aliniambia tangu mimba ikiwa changa kwamba kwenu jina la mjukuu wa kwanza hutoka kinywani mwa mama wa baba, na kwamba yeye mwenyewe alipewa jina na bibi yake kabla hajafumbua macho vizuri. Kwa hiyo hospitalini, muuguzi alipokuja kuuliza tunamwitaje, tulisema tunasubiri. Akaja tena, tukasema tunasubiri. Mara ya tatu alitutazama kwa huruma, akaandika "mtoto wa kike," tukaenda nyumbani. Sasa ofisi ya vizazi inatuma barua za kutukumbusha, na majirani wakimchungulia mtoto wakauliza anaitwa nani, Bahati anajibu, "Bado." Wanatutazama kama watu walionunua kitu bila kusoma maelezo. Baba yangu amejitolea mara mbili kutoa jina, nimemkatalia. Mchungaji amejitolea, nimemkatalia. Ninalitaka lako, Mama, na ikiwa utakaa kimya, sijui tutafanyaje.

Basi nijibu kwanza ulichouliza.

Mimi ni mzaliwa wa Baraka, kwa hiyo si mgeni wa mbali kwako. Ziwa letu ni moja. Baba yangu ni Etienne, ambaye watu wa zamani wanamjua kwa jina la Penso, kwa ajili ya burashi yake ya rangi. Mama yangu alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Kwa hiyo unapouliza nimelelewa na nani, jibu ni fupi: nimelelewa na baba mwenye rangi kwenye kucha. Vita vilipokuja tulivuka kwenda Kigoma. Safari yenyewe siikumbuki. Nakumbuka tu kwamba Baba alikuwa amepakata kopo la rangi nyekundu, jinsi wengine walivyopakata kuku.

Kambini alifungua kazi ya kuandika mabango. Alikuwa akichukua madebe ya mafuta ya kupikia, anayakata, anayanyoosha kwa nyundo, anayapaka rangi nyeupe, halafu anaandika: Kinyozi, Hoteli, Fundi Cherehani, Hapa Pana Dawa. Herufi zake zilikuwa nzuri, zimenyooka kama askari. Lakini sura zilimshinda. Kila mtu aliyemchora Baba alifanana na mbuzi aliyeshtuliwa. Wateja walianza kulalamika, na mimi, nikiwa bado mtoto wa shule ya msingi, nikamwomba burashi. Nilimchorea kinyozi mmoja kichwa cha mwanamume mwenye nywele zilizochongwa vizuri. Sikujua kubuni sura, kwa hiyo nilichukua sura niliyoiona kila Jumapili. Wiki ileile watu walianza kukaa kwenye kiti cha kinyozi na kusema, "Ninyoe kichwa cha mchungaji."

Mchungaji alikuja mbio. Alisimama mbele ya bango akiwa amekunja uso, akalitazama kwa muda mrefu, halafu akamwambia Baba kwamba hana neno, ila pua ipunguzwe kidogo. Nilipanda juu ya ndoo nikaipunguza mbele yake. Tangu siku hiyo kazi yote ya sura ikawa yangu, na Baba akawa ananitambulisha kwa wateja kama "mkuu wa idara ya vichwa."

Kanisani nilikuwa mtoto mbaya, Mama, nakwambia kweli. Wenzangu wakisikiliza mahubiri, mimi nilikuwa natazama migongo ya wamama waliokaa mbele. Kila kitenge kina mchoro unaojirudia: ua, jani, ndege, halafu ua lilelile tena. Nilikuwa natafuta mahali mchoro unapoanzia. Lazima pawepo mahali, niliwaza, maana aliyeuchora alianza mahali fulani asubuhi moja akamalizia mahali fulani. Nilitafuta miaka yote ile na sikupaona. Ndiyo maana mpaka leo hadithi nyingi za Biblia ninazijua nusu.

Tulipopata kibali tulipelekwa Louisville, mtaa wa Beechmont. Baba alipata kazi kiwandani, na mimi nilipomaliza shule niliingia kwenye ghala la kufungasha mizigo. Kazi haikuwa mbaya. Tulicheka sana humo ndani, Wakongo kwa Warundi kwa Wakyuba, kila mtu akimfundisha mwenzake matusi ya kwao. Lakini muda wa kupumzika nilikuwa nachora kwenye vipande vya katoni, na vile vipande nikavibandika ukutani nyumbani mpaka ukuta ukaisha. Jirani yetu Maman Furaha, mama mnene wa Bukavu anayefanya kazi ya kutunza wazee, alikuja kuomba chumvi siku moja, akasimama katikati ya sebule.

"Weye Solange," akasema, "ile makarto yote ni weye unachora?"

"Ni mimi, Maman."

"Na unakaa hapa unafunga mizigo? Binti ya bibi kizee yangu, yule ninamuchungaka, anasomea ile kintu! Anachora maua ya marido, wanamulipa! Ya marido, ma chérie!"

Marido ni mapazia. Nilidhani ananitania. Keshoye aliniletea jina la chuo limeandikwa nyuma ya risiti ya duka, na chumvi hakuirudisha mpaka leo. Nikaanza kupanda basi kwenda chuo cha pale mjini baada ya kazi, na miaka miwili baadaye nikahamia chuo kikuu cha Columbus kusomea ubunifu wa vitambaa. Baba alinisindikiza kituoni akiwa amevaa suti. Basi lilichelewa, suti ikamtoa jasho, na alikataa kabisa kuvua koti mbele ya dereva.

Columbus nilipanga chumba karibu na chuo, pamoja na Mwanaidi, Mtanzania wa Tanga anayesomea mambo ya afya. Huko ndiko nilikofundishwa ile siri niliyoitafuta kanisani. Mchoro unachorwa kwenye kipande kimoja, na kinachotoka upande wa kulia lazima kiingie upande wa kushoto, na kinachotoka juu kiingie chini, ili kipande kikipangwa kando ya mwenzake jicho lisione mpaka. Mwalimu wangu wa kwanza alitandika kazi yangu sakafuni akasema, "Naona mahali ulipoanzia." Nilirudia. Akasema tena, "Bado napaona." Siku aliyotembea juu yake mara mbili, akainama, akainuka bila kusema kitu, nilikwenda chooni nikacheza peke yangu.

Kwa hiyo, Mama, hiyo ndiyo kazi yangu. Ninabuni michoro ya mashuka, mapazia, na nguo za watoto za kulalia. Ninafanya na ofisi ndogo ya Columbus, na tangu nihamie Buffalo ninawatumia kazi kwa kompyuta nikiwa nyumbani. Mchoro wangu wa kwanza kuuzwa ulikuwa wa mbuzi, kwa nguo za watoto. Wakubwa wangu waliupenda, ila waliniuliza kwa nini kila mbuzi ana kamba shingoni. Niliwaambia mbuzi asiye na kamba ni mbuzi wa kuibiwa. Walitazamana, halafu wakaziacha kamba. Leo hii kuna watoto wa Kimarekani wanalala na mbuzi wamefungwa vizuri, hakuna atakayepotea.

Sasa mwanao. Bahati alikuwa anamalizia masomo yake ya maji pale Columbus, na wanafunzi wa Afrika walikuwa na sherehe yao. Alikuja mlangoni kwetu kuniomba nichore bango. Nikalichora. Kesho yake akarudi kusema buluu iongezwe kidogo. Nikaiongeza. Siku ya tatu akarudi kusema buluu imezidi. Sherehe ikafika, ikapita, na yeye akaja tena kuzungumza juu ya bango. Alipoondoka Mwanaidi alifunga mlango, akaegemea.

"Shoga," akasema, "sherehe imekwisha, wali umekwisha, hata sahani zimeshaoshwa. Huyo kaka anarekebisha bango gani?"

"Labda ni la mwakani," nikasema.

"La mwakani! Basi mwambie alete na wazee wake, walione na wao."

Na kweli wazee walikuja, kama unavyojua, ingawa walikuja kwa simu. Ulitoa ruhusa yako kupitia kwa Deo, na nilishukuru, lakini nilitamani kuisikia sauti yako na sikuisikia. Harusi tuliifanya Beechmont, kwa sababu Baba yuko pale na kanisa lililonilea liko pale. Na hapo ndipo penyewe.

Maman Furaha aliitisha kikao cha wamama kwetu. "Bon," akaanza, "harusi yenye haina uniforme, ile ni harusi ao ni réunion? Tutavaa nini?" Wakataja vitambaa vya dukani, huyu hiki, huyu kile. Halafu mama mmoja akauliza, "Na mama ya bwana arusi iko Uvira. Kwenye kiti yake tutaweka nani?" Wakanigeukia mimi. Nilikuwa nimewaza jambo hilo wiki nyingi, maana upande wangu nao hapakuwa na mama. Viti viwili vya mama, vyote vitupu, katika harusi moja.

"Tutamvaa," nikasema.

"Kumuvaa aje?"

"Nitachora kitenge mwenyewe, na katikati nitaweka sura yake."

Maman Furaha alipiga makofi mpaka chai ikamwagika. "Ile njo akili! Atakuwa mahali pote! Ata wakimunyima viza, atakuwa!"

Bahati alinipa picha yako ile uliyopigwa mbele ya nyumba siku anaondoka, umefunga kilemba cha njano na umekaza midomo usilie. Nilikaa na sura yako kwa wiki nyingi, Mama. Najua mistari iliyo pembeni mwa macho yako. Najua jicho la kulia ni dogo kidogo kuliko la kushoto, na najua una kakovu kadogo juu ya nyusi ambako Bahati anasema ulikapata kwa kuni. Picha ya mama yangu mzazi haikubaki hata moja, na sura yake siikumbuki. Kwa hiyo sura ya mama niliyoikazia macho kuliko zote duniani ni ya kwako. Nilikuchora ndani ya duara, nikakuzungushia maua ya rangi ya chungwa na majani ya muhogo, na chini nikaandika MAMA YETU. Kiwanda kikachapa, mafundi wetu wa Beechmont wakashona.

Kitenge cha sura kina adabu yake: kikikatwa vibaya, mheshimiwa anakaliwa. Nilisimama na kila fundi. Sura moja kifuani, sura moja mgongoni kati ya mabega, na kuanzia kiunoni kushuka chini ni maua na majani peke yake. Nakuhakikishia, Mama, siku ile hakuna aliyekukalia.

Ungeona! Wamama waliingia wakicheza, safu kwa safu, na wewe umo kwenye kila kifua, umekaza midomo. Wakigeuka, upo tena. Watoto wa Maman Furaha walimuuliza kwa Kiingereza yule bibi ni rais wa nchi gani. Baba alilia waziwazi. Bahati alipoona lile kundi linamjia alisimama kama mti, halafu akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na alinishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniumiza. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niiandikeje. Tulipiga picha, na kila mtu akatuma kwao.

Sisi tulioondoka zamani tulikuwa tunajua vitenge vya sura vya maaskofu na vya wakubwa wa nchi, watu walio hai na wenye afya zao. Hakuna mmoja katika kikao kile aliyejua kwamba siku hizi Uvira sura ya mama ndani ya duara la maua, imevaliwa na kundi la wanawake, ni sare ya matanga.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, lakini acha niyaandike jinsi Deo alivyotusimulia, ili kama ameongeza chumvi umchape. Wewe ulikuwa umekwenda Sange kumtazama dada yako, na simu yako uliisahau kwa jirani inachaji. Picha zikafika kwenye simu ya mama mmoja wa kwaya. Akapiga ukelele. "Mama Bahati amekufia Sange! Amerika walishavaa, na siye hatujaambiwa!" Mtaa mzima ukamiminika kwako. Mikeka ikatandikwa, kuni zikaletwa, unga ukaletwa, mkatekista akaanza sala bila kungoja maiti. Deo alilia mpaka sauti ikakauka. Alasiri pikipiki ikasimama barabarani, ukashuka na fungu la majani ya sombe na kuku wa dada yako mkononi, ukaingia uani kwako mwenyewe, ukauliza, "Nani alikufa?"

Deo anasema hapo hapo ua mzima ulivurugika. Mama mmoja alianguka juu ya masufuria. Kuku akakuponyoka, na watu wakakimbia huku na kule, wengine wakimfuata kuku na wengine wakikukimbia wewe.

Bahati aliponisomea hayo nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu akasoma ulichosema mwishoni: "Ni mukamwana gani ananizika, na miye ningali nakula?" Hapo kicheko kiliisha. Nililia siku mbili, na kitenge changu nikakikunja nikakiweka chini ya masanduku. Nilitaka uwepo kwenye harusi yetu kuliko mtu yeyote, na badala yake nilikuletea mikeka ya matanga uani. Tangu hapo ndipo mtandao ulipoanza kukatika.

Basi, Mama, umeniuliza na nimekujibu. Mimi ni mtoto wa Penso wa Baraka, nimekulia kambini, kazi yangu ni michoro, mume wangu ni mwanao, na binti yangu ana majuma kadhaa duniani na hana jina. Sikuombi ulitoe kwa kuwa umenisamehe. Hata ukiwa bado umekasirika, mpe yeye jina, na mimi unikasirikie kando.

Jumapili

Barua ilikuwa imeishia hapo juu. Nilitaka niongeze salamu tu leo, nimpe Mama Neema bahasha kanisani. Lakini asubuhi, tukiwa tunamvisha mtoto, simu ya Bahati ililia, na ilikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa Deo. Bahati akaufungua akidhani ni habari za paa. Ilikuwa sauti yako.

Nimeusikiliza mara nyingi mpaka nimeukariri, na nauandika hapa ili mtoto akikua ausome, hata kama mwenyewe unajua ulichosema:

"Bon. Solange. Ni miye. Deo alinionyesha mutoto kwenye simu. Ile paji ya uso ni yangu, mutu asinidanganye. Sasa musikilize. Jina, mumupatie yangu. Ile jina watu walishaililia, donc machozi yake ilisha kwisha. Haina tena kilio ndani. Ni jina safi. Mutoto aikamate, atembee nayo mpaka azeeke. Na ile kitenge munitumie. Miye njo mwenye sura, na ni miye peke yangu sina! Mutume mingi. Wale walinilia vizuri nitawagawia. Nilikuwa pale nyuma ya kipango mbele ya kuingia, niliwaona wote. Yule mama mwenye alikuja ju ya wali, yeye hapana. Solange, mukamwana wangu, unyonyeshe muzuri. Deo, zima."

Mama! Kwa hiyo kabla hujaingia ulisimama nyuma ya kipango, nje ya ua, ukitazama kilio chako mwenyewe! Deo hakutuambia, au hakujua. Bahati amecheka mpaka mtoto akashtuka. Mimi nilikaa kitandani na soksi moja ya mtoto mkononi, nikalia, na safari hii sikutaka kunyamaza. Umeniita mkamwana wako. Nimempigia Baba, nimempigia Maman Furaha, nimempigia hata Mwanaidi, ambaye yuko kazini na hakupaswa kupokea. Kitenge nimekitoa chini ya masanduku, pamoja na vitambaa vilivyobaki harusini. Mama Neema ameapa ataondoa viatu vyake sandukuni ili vitambaa vyako vienee.

Nisalimie shemeji Deo na mkewe, na umwambie sauti yake tunaiombea. Nisalimie mama mdogo wa Sange, ambaye nyumbani kwake ulikufa bila yeye kujua, na umwombe radhi kwa ajili ya kuku. Nisalimie yule mama wa kwaya mwenye macho mepesi. Naomba apate kitambaa hata kama ndiye chanzo. Nisalimie mkatekista aliyewahi sala. Baba yangu, mkwe mwenzako, anakusalimia sana na anasema bango la nyumba yako atalichora bure, ila sura ataniachia mimi.

Neno moja la mwisho. Furaha ilipopungua kidogo, Bahati alinitazama akaanza kucheka upya, na ndipo nami nikaelewa ulichonifanyia. Mwanamke hatamki jina la mama mkwe wake. Nimelelewa hivyo na wewe unajua nimelelewa hivyo, na sasa umelichukua jina lisilotamkwa ukalivisha nepi ukanikabidhi. Kesho Bahati atakwenda kuliandikisha ofisini. Mimi nitakaa garini. Maman Furaha ameshaanza kuniita kwa jina la mtoto, kama ilivyo desturi, na kila akiniita ninaona haya kuitika.

Mimi namwita Mama. Hakuna namna nyingine. Hivi ninavyoandika ameamka chumba cha pili na analia. Tangu nizaliwe sijawahi kuita "Mama" ndani ya nyumba yetu nikajua kwamba anayeitwa yumo. Ngoja niweke kalamu. Mama, nyamaza, nakuja.

Ni mimi mkamwana wako,
Solange, ambaye kuanzia leo anaitwa Mama wa nani sijui. Hapo malizia mwenyewe, mimi siwezi.